Nilijisifu nina damu ya mwanamichezo, siku ya kumpa dada yangu wakakuta sina

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya wa jukwaa hili. Nasoma nyuzi zenu za mazoezi na lishe, nacheka, naondoka bila hata kugonga like. Leo nimeamua kufungua mdomo kwa sababu kuna mwenzetu ameuliza kwa nini anakimbia kila siku lakini pumzi inazidi kupungua, na majibu aliyopewa ni yale yale: kaza, badilisha viatu, acha uvivu.

Mkuu, usikaze. Nisome kwanza.

Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Ningekuwa natunga, ningejiweka mahali pazuri zaidi kuliko hapo mtakaponikuta.

Niko Lubumbashi, Kongo. Kiswahili chetu na chenu ni ndugu wa baba mmoja waliolelewa na mama tofauti, kwa hiyo nitajitahidi kuandika cha kwenu. Watu wa kwetu wakisema jambo, nitawaacha waseme kwa mdomo wao.

Nina miaka thelathini na kitu, hicho kitu mniachie. Ni fundi cherehani, nina kichumba cha kushonea hapa Makomeno. Mume wangu, Papa Déo, anashughulika na makaratasi ya mizigo kule Mokambo, mpakani na Zambia. Anaondoka Jumatatu, anarudi Ijumaa, tumbo likiwa limetangulia.

Halafu nina dada, Yaya Clémence. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa kuajiriwa kama kwenu. Ila huyu wangu alikuwa vyote viwili.

Mama yetu alifariki nikiwa bado mdogo sana. Baba alikuwa mtu wa reli, leo yuko Likasi, kesho Kamina. Clémence ndiye aliyeacha shule akaenda kuuza mboga soko la Kampemba ili mimi nisome, na baadaye nijifunze kushona. Alinibeba mgongoni, akiniita Kadogo, mpaka watu wakawa wanadhani mimi ni mtoto wake wa kwanza.

Maisha yangu yote nimetembea na hamu moja: siku moja, mara moja tu, mimi niwe wa kumpa yeye kitu. Siyo kitenge cha Krismasi. Kitu hasa. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Sasa tuje kwenye mbio.

Nilianza kukimbia kwa sababu gauni la harusi ya binamu yangu lilikataa kupanda zipu. Gauni nilishona mwenyewe, kwa vipimo nilivyojipima mwenyewe. Fundi mzima nilijidanganya kwenye futi yangu.

Pale parokiani kuna kikundi cha akina mama, tunafanya footing, yaani mbio za polepole, asubuhi kabla jua halijakasirika. Mwanzoni nilikuwa wa mwisho, natembea na bibi mmoja aliyekuja kwa ushauri wa daktari wake wa presha. Baadaye nikaanza kuwapita wenzangu mmoja mmoja. Ndani ya mwaka mmoja mimi ndiye niliyekuwa naongoza msafara na kuanzisha nyimbo.

Wakuu, sifa ni kilevi. Nikawa mtu asiyevumilika.

Kila siku status ya jasho. Mteja anakuja kupimwa kiuno, anaondoka amehubiriwa. Mwingine ameniletea kitambaa cha ubatizo wa mtoto, mimi namweleza kuhusu wanga. Papa Déo akirudi Ijumaa na michopo yake, ile nyama ya mbuzi ya kuchoma, namwekea mkono tumboni namuuliza mimba ina miezi mingapi. Alikuwa anacheka tu na kuendelea kutafuna.

Kisha ikaja Kwaresima.

Sisi ni Wakatoliki wa kurithi. Babu alishuka kutoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli, na kwenye sanduku lake mlikuwa na shati, blanketi na rozari. Kwaresima nyumbani kwetu si mchezo. Mwaka huo nikaamua kuacha nyama, samaki na mayai, vyote kwa mpigo. Sitawadanganya kwamba ilikuwa kwa ajili ya Bwana peke yake. Nusu ilikuwa kwa ajili ya mizani.

Pasaka ikafika, wenzangu wakarudi kwenye mbuzi wao kwa furaha. Mimi nikabaki jangwani. Nilikuwa nimepungua kilo, nakimbia mwepesi, watu wananisifia. Nikajiuliza, kwa nini nirudi? Hata Yesu alitoka jangwani baada ya siku arobaini, mimi nikaona niendelee mpaka nitakapojisikia.

Chakula changu kikawa bukari kidogo, yaani ugali, na sombe, hiyo ninyi mnaita kisamvu. Siku nyingine maharage. Juu ya hapo, chai.

Chai niizungumzie kidogo. Nina chupa ya chai inayokaa kando ya cherehani kama mfanyakazi mwenzangu. Chai ya rangi, kali, nyeusi tii. Nikimaliza tu kula, kikombe. Njaa ikibisha hodi katikati, kikombe. Niligundua kwamba chai inaua njaa, nikajiona nimevumbua dawa.

Kuna aliyewahi kunitahadharisha kuhusu nyama, Mama Solange wa kikundini. Nikamjibu kwamba sombe ni kijani kabisa, ina kila kitu, ng'ombe mwenyewe anakula majani na angalia misuli yake. Mama Solange ni mtu wa heshima, akaendelea na mbio zake. Ni kweli ng'ombe anakula majani, ila anakula kutwa nzima, na hashushii kwa chai.

Miezi ikaenda. Nikaanza kutamani udongo.

Msicheke. Au chekeni tu, nimeshazoea. Ilianza na harufu. Mvua ikigusa vumbi letu jekundu, nasimama mlangoni navuta pumzi kama mvuta bangi. Kisha nikaanza kununua pemba, ule udongo mweupe wa kula ambao wajawazito wanautafuna. Nilikuwa nanunua soko la mbali ili Yaya Clémence asinione, maana yeye angeanza kunihesabia miezi.

Na mimi, mtoto wa mjini, nikajitengenezea elimu yangu. Nikasema hivi: sisi watu wa Katanga tunatembea juu ya madini. Ardhi hii dunia nzima inakuja kuichimba, treni na malori hayapumziki. Ardhi ya namna hiyo itashindwa kumpa fundi mmoja wa Makomeno madini ya mwilini? Nikila udongo nakula madini moja kwa moja, bila kupitia kiwandani.

Hiyo hoja nilikuwa nawaeleza watu, tena kwa mkono kiunoni. Na hapa kwetu nilipata waliokubali.

Pemba nilikuwa naificha kwenye kopo la vifungo. Siku moja nashona huku natafuna, nikauma kitu kigumu, kumbe ni kifungo cha kanzu ya padri. Kanzu iliondoka na kifungo kimoja cha rangi isiyofanana na vingine, na padri wetu ni mtu mpole, mpaka leo anaivaa hivyo.

Mwili ulikuwa unaniambia, tatizo nilikuwa na majibu ya kila kitu.

Nikaanza kuachwa nyuma, nikasema ni viatu. Nikanunua vingine, nikaachwa vilevile. Kimlima kidogo tu moyo unagonga mpaka masikioni, nikasema ni baridi ya mwezi wa sita. Mikono ikawa baridi hata mchana, kucha zikawa zinachanika, nywele zinabaki kwenye kitana. Misa ya Jumapili nikawa nasinzia nimepiga magoti. Katekista mmoja akaniambia amevutiwa na jinsi ninavyosali kwa kina siku hizi.

Mama Solange aliponipita siku moja kwenye mteremko, nilifikia kujiuliza moyoni kama huyu mama amenifanyia kitu. Mwanamke wa watu, kosa lake ni kula samaki.

Na dawa yangu ya haya yote ilikuwa nini? Kuongeza mazoezi. Kama gari linalokosa mafuta, mimi nalipiga mateke.

Ndipo Yaya Clémence akaumwa.

Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na damu ilikuwa inamtoka mwezi hadi mwezi bila kutuambia. Tulijua siku alipoanguka pale pale kwenye meza yake ya mboga. Hospitali wakasema lazima apasuliwe. Kwanza wakampa dawa za kuongeza damu kwa wiki kadhaa ili aweze kuhimili kisu, na wakatuambia familia ilete mtu wa kuchangia damu kabla ya siku yenyewe, kwa sababu akiba yao ni ndogo na uvimbe wa namna hiyo hutoka damu nyingi. Isipopatikana, upasuaji unasogezwa mbele.

Familia ikakutana kwake Kampemba. Watu wakaanza kutazamana. Mjomba ana presha. Kaka yetu ndiyo kwanza ametoka kwenye malaria. Papa Déo alikuwa anatazama viatu vyake. Kila mtu anajua habari ya Papa Déo na sindano: siku tulipompeleka mtoto wetu kuchanjwa, mtoto alilia kidogo akanyamaza, baba ndiye aliyetafutiwa kiti.

Mimi nikasimama. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu utoto.

Nikajipiga kwenye mkono, hapa penye mshipa, nikasema: "Mutafute tu mutu wa kumupikia. Damu iko hapa. Tena ya sportive."

Watu wakapiga makofi, naapa. Yaya peke yake hakupiga. Alikuwa amelala kwenye kochi, akaniangalia usoni, akasema polepole: "Kadogo, unakonda sana."

Nikamjibu hiyo inaitwa forme, mwili wa mazoezi.

Siku ya kutoa damu nilienda kwa miguu, nakimbia. Ndiyo, wakuu. Nilivaa tisheti ya kikundi, nikatoka Makomeno nakimbia kwenda hospitali ili nifike nimepasha. Njiani nilisimama mara kadhaa nikijifanya nafunga kamba za viatu. Nilifika naona nyota, nikatabasamu kwa kila mtu koridoni.

Kijana wa maabara akanichoma kidole, akaweka tone kwenye kimashine chake. Akakitazama. Akanitazama. Akanivuta kope ya chini akaangalia ndani.

"Mama, hatuwezi kukutosha damu," akasema, yaani kunitoa. "Weye mwenyewe damu iko kidogo sana."

Nikamwambia mashine yake imeharibika. Kwa upole kabisa akaleta nyingine, akachoma kidole kingine. Mashine zile mbili zilikuwa zimekubaliana.

Nilitoka pale nimebeba viatu vya mbio na aibu. Lakini nilikuwa bado sijakubali. Jirani yangu mmoja ana dawa ambayo nadhani na kwenu ipo: nyanya ya kopo, ile nzito, unakoroga na maziwa matamu ya kopo, unaweka na juisi ya betiravu, bitiruti yenu. Hoja yake ni kwamba damu ni nyekundu na hivi vitu ni vyekundu. Kwa mtu aliyekuwa anakula udongo ili apate madini, hoja hiyo ilikuwa na nguvu.

Nikanywa kile kitu asubuhi na jioni, juu yake chai ya kuondoa ladha. Sitaeleza tumbo lilinifanyia nini. Nikarudi hospitali midomo myekundu, na kile kimashine hakikubadili msimamo.

Safari hii waliniita kwa daktari. Mama mmoja wa makamo, miwani imeshuka puani, ndiye aliyekuwa anamhudumia dada yangu. Akaniuliza ninakula nini. Nikamweleza kwa fahari, maana nilikuwa bado na fahari: sombe, bukari, maharage, michezo kila siku. Akaniuliza chai ninakunywa wakati gani. Akaniuliza hedhi yangu ikoje. Kisha akaniuliza swali lililonimaliza: je, kuna kitu kisicho chakula ninachokitamani?

Nikaangalia ukuta. Nikasema pemba.

Akavua miwani. "Yaya yako, mwenye tunataka kupasula," akasema, "leo damu yake inapita yako."

Wakuu, nisomeeni tena hapo. Mgonjwa alikuwa na damu nyingi kuliko mchangiaji. Mimi niliyekuja nakimbia ningepaswa kulala kile kitanda, na aliyelala kitandani angepaswa kunisukuma.

Nilicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Nililia kwa hofu, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa. Siku ya upasuaji ilikuwa imekaribia, mjomba hawezi, kaka hawezi, na mimi niliyeapa mbele ya watu ndiye nimeipoteza nafasi. Ikisogezwa mbele, Clémence anaendelea kutoka damu. Na angekufa, angekufa kwa sababu mimi nilitaka kiuno.

Daktari aliniacha nilie, kisha akanieleza. Nawaandikia alivyonieleza, kwa lugha ya fundi cherehani.

Damu inabeba hewa kwa kutumia madini ya chuma. Chuma kikikosekana, mapafu yanavuta hewa lakini hakuna wa kuipeleka miguuni, ndiyo maana moyo unapiga mbio kama unatafuta lori la kukodi. Mtu anayefanya mazoezi sana anakitumia zaidi na anakipoteza zaidi, kwa jasho, tumboni, hata kwa ule mgongano wa unyayo na ardhi. Mwanamke anapoteza na kila mwezi. Kwa hiyo mimi mkimbiaji mwanamke nilikuwa na matundu mengi kuliko mtu wa kawaida, na nikaamua kuziba mdomo wa kuingizia.

Sombe na maharage vina chuma, ila cha majani na kunde mwili unakiokota kwa shida. Cha nyama, maini na samaki unakichukua kwa urahisi. Majani ukiyala na ndimu, nyanya mbichi, embe au chungwa, mwili unaokota zaidi. Ukishushia kwa chai au kahawa, unaokota kidogo sana. Nami nilikuwa nashushia kila tonge.

Na pemba? Nikamweleza hoja yangu ya ardhi ya Katanga. Hakucheka, nadhani amewahi kuisikia. Akasema ule udongo tumboni unakishika chuma cha chakula na kutoka nacho. Tena hamu yenyewe ya kula udongo mara nyingi ni dalili kwamba mtu amepungukiwa. Yaani mwili ulikuwa unapiga kelele, mimi nikaujibu kwa kuuongezea ugonjwa.

Pale pale akanipima malaria, minyoo na akiba ya chuma mwilini. Akiba ilikuwa imekwisha, kapu tupu. Akasema hiyo akiba huisha kwanza kabla damu haijashuka, kwa hiyo nilikuwa nimeanza kuharibika zamani, wakati bado naposti status.

Nilitoka nje nikampigia Papa Déo. Alikuwa Mokambo, kuna malori mawili yalikuwa yamekwama. Nikamweleza kila kitu, mpaka pemba. Sikumwomba. Sikuwa na uso wa kumwomba, baada ya miezi yote ile ya kumuuliza mimba ina miezi mingapi.

Nikasikia honi za malori nyuma yake.

"Sindano ngapi?" akauliza.

"Moja."

"Iko mukubwa?"

Nikasema ndiyo, ni kubwa.

"Ninakuya," akasema.

Kesho yake aliingia hospitali na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Yule kijana wa maabara alimchoma kidole, akatazama kimashine, akatabasamu kama mtu aliyefungua duka na kukuta mteja. Presha nzuri, damu tele, kundi linakubaliana na la Yaya. Mwanaume niliyemwambia atakufa kabla ya miaka hamsini.

Alilala kwenye kile kiti, akafumba macho, akanishika mkono. Alinibana mpaka pete ikaniuma na jasho likamtoka kwenye paji la uso. Hakutazama hata mara moja. Walipomaliza akauliza kwa sauti ndogo kama wametoa yote.

Angeweza kunicheka pale pale, na angekuwa na haki. Alinisubiri mpaka tufike nyumbani. Kisha alicheka, wakuu, alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Siku ya upasuaji tulikaa koridoni. Nilijaribu rozari, nikawa napoteza hesabu ya Salamu Maria, naanza upya. Nilikuwa namwambia Mungu kitu kimoja tu, kwamba huyu asiende kabla sijawahi kumfaa. Daktari alipotoka na kusema imeenda vizuri, na kwamba kweli damu ya kuongeza ilihitajika, Papa Déo aliinuka akatoka nje peke yake. Alirudi macho mekundu, anasema ni vumbi.

Siku chache baadaye Yaya aliruhusiwa kula chakula cha kawaida. Binti yake alileta maini ya kukaanga na lengalenga, huo ni mchicha wenu, na ndimu pembeni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli kando ya kitanda, nimekuja kumlisha. Ndiyo kazi niliyojipa baada ya kushindwa ile nyingine.

Alikuwa ameshaelezwa. Hospitali hakuna siri, na binti yake mdomo hauna mlango.

Akachukua sahani mikononi mwangu. Akakata maini katikati, akakamulia ndimu, akasogeza kipande kikubwa upande wangu, akanipa uma.

Nikamwambia ale yeye, ndiye mgonjwa.

"Kula, Kadogo," akasema. "Miye damu banaisha kuniongezea. Weye nani atakuongezea?"

Nikala. Nilikuwa natafuna na kulia pamoja, na yeye ananitazama kila tonge mpaka nimeze, kama alivyokuwa akinitazama zamani. Nilikuwa nimekuja na hamu ya maisha yangu yote ya kumpa kitu, na bado nililishwa na mtu mwenye mshono mbichi tumboni. Uchungu wa hiyo siku sijui kuuandika. Na utamu wake pia.

Baada ya hapo nilianza vidonge vya chuma, vya daktari. Mwanzoni nilikuwa navimeza kwa chai, kwa sababu kichwa changu ni kigumu kama mbegu ya embe. Siku nilipoona choo kimekuwa cheusi nilimpigia Papa Déo kumuaga na kumkabidhi watoto. Kumbe ni vidonge, walishaniambia, mimi nilikuwa sisikilizi.

Kurudi kulichukua miezi. Nilianza kwa kutembea, na yule bibi wa presha tena, akanipokea vizuri bila swali. Mama Solange alikuwa anafika mwisho halafu anageuka kuja kunichukua. Nilimwomba msamaha kwa jambo ambalo hakulijua, akanitazama kama nina homa.

Sasa nakimbia. Siongozi msafara, niko katikati, na nimegundua katikati kuna mazungumzo mazuri zaidi. Nakula samaki, kapenta, ndio dagaa wenu, maini siku nikipata, maharage na sombe kwa ndimu. Chai bado naipenda, ila ninaiacha ikae mbali na chakula, saa moja au mbili hivi. Kopo la vifungo limebaki na vifungo.

Nilichojifunza, kwa mwenzetu aliyeuliza na kwa wote mnaokimbia: pumzi ikipungua huku unaongeza mazoezi, usijitukane, kapime damu, na uombe wakupime na akiba ya chuma. Msinunue vidonge kwa kubahatisha pia, chuma kikizidi kinadhuru, na upungufu unaweza kuwa na chanzo kingine kabisa, kama ilivyokuwa kwa dada yangu. Na mkifunga kwa ajili ya Mungu, Pasaka ikifika mfungue. Yeye hajasema mwendelee.

Wenye uzoefu wa haya mambo mwageni hapa, hasa mliokimbia na upungufu wa damu bila kujua. Wale wa nyanya ya kopo na maziwa nao wajitokeze, najua mpo, hatutawacheka sana. Na kama kuna anayekula pemba kwa siri, hata inbox tutaongea.

Samahani, simu inaita. Ni yeye. Tangu atoke hospitali anapiga kila mchana, hasalimii, anauliza kitu kimoja tu: "Kadogo, ulikula nini?" Aliyepasuliwa ni yeye, anayeulizwa hali ni mimi.

Ngoja nipokee. Bado sijala.